Behewa la zamani la geji ya mita (reli yenye upana wa mita moja): nikwangue mpaka rangi ya mwaka gani?

#1 FundiMvule
Wakuu, salaam. Mimi ni seremala, Changamwe. Kuna bwana kanunua behewa la abiria la reli ya zamani, anataka liwe mkahawa kwenye kambi yake ya watalii. Agizo lake ni moja tu: "Lirudi kama lilivyokuwa." Makubaliano yameishia hapo.

Juzi nikachukua msasa wa maji nikasugua duara dogo ubavuni, ukubwa wa kisosi, mpaka nikagusa chuma. Pete zikatokea kama za mti uliokatwa: bluu juu, krimu, tena krimu nyingine iliyochoka, halafu kijivu, mwisho nyekundu kama kutu. Nikashuka chini ya madirisha nikafanya vivyo hivyo, pale penye krimu nikakuta maruni. Sasa hapo "lilivyokuwa" ni ipi? Tajiri ameona picha ya injini ya mvuke aina ya Garratt ya makumbusho ya reli Nairobi, anataka behewa lote maruni. Jirani yangu mzee anasema mabehewa yalikuwa meupe. Mjukuu wake anasema kijivu ndiyo asili kwa sababu iko chini.

Mnaojua mambo ya relwe nisaidieni. Picha jioni.

#2 KambiTayari
Nimekaa siti ya dirishani. Picha kwanza.

#3 MzeeGadi
Nimekuwa gadi wa treni tangu enzi za East African Railways, jumuiya ikavunjika 1977 nikiwa kazini. Mabehewa niliyotembea ndani yake yalikuwa krimu juu, maruni chini. Mwambie tajiri wako iliyokuwa maruni mwili mzima ni injini. Behewa maruni tupu mimi sikupata kuliona, na nimeyaona mengi kuliko yeye alivyoona sahani.

#4 Dohani_Ndefu
Shikamoo mzee. Swali la kitoto: hiyo krimu ilikuwa krimu kweli, au nyeupe iliyokula vumbi la nyika ya Taru?

#5 MzeeGadi
Marahaba. Behewa lilikuwa linaoshwa. Vumbi tunalijua.

#6 RangiNiKemia
Mzee asinikasirikie, ila swali la @Dohani_Ndefu si la kitoto. Rangi za zamani zilichanganywa na mafuta ya kitani, na mafuta hayo yakifungiwa gizani, yaani chini ya rangi nyingine, yanageuka njano. Nyeupe iliyofunikwa miaka arobaini inafanana kabisa na krimu. @FundiMvule, liache lile duara lipigwe na jua siku kadhaa kisha litazame tena. Likipauka kuelekea nyeupe, jirani yako ana hoja. Likibaki, mzee gadi ana hoja.

La pili, na hili si utani: rangi za umri huo zina madini ya risasi. Endelea na msasa wa maji, usisugue kavu, usichome kwa moto, na watoto wasicheze na vumbi lake. Ukikuta matandiko meupe ya nyuzinyuzi nyuma ya paneli au kwenye mabomba, simama hapo hapo. Huenda ni asbesto.

Kuhusu kijivu: kuwa chini hakuifanyi iwe rangi ya kwanza ya behewa. Fundi rangi anaanza na redoksaidi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kati ya kufunika, ndipo ile ya kuonekana. Kijivu chako ni ile ya kati. Mjukuu amesoma pete za mti kinyume.

#7 Mjukuu_wa_Muthurwa
Mjukuu mwenyewe niko humu, mtu asinisemee. Kama kijivu ni rangi ya kati, mbona hakuna kijivu kati ya krimu na bluu? Waliacha desturi ghafla? Nadhani ni rangi ya wakati wa vita. 1939 hadi 1945 kila kitu cha serikali kilipakwa kilichopatikana.

#8 RangiNiKemia
Kupaka rangi mpya juu ya rangi nzima hakuhitaji ya kati. Chuma kitupu kinahitaji.

#9 Mjukuu_wa_Muthurwa
Na kama lilikwanguliwa mpaka chuma wakati wa vita? Hujajibu.

#10 GarrattMbili
Jamani kijivu kina maelezo ya tatu. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vinapaka injini mpya kijivu kwa ajili ya picha rasmi tu, kwa sababu nyeusi inameza mistari na ribiti. Picha ikishapigwa, inapakwa rangi ya mteja. Ndiyo maana ukiona picha za kiwandani za Garratt zetu unadhani zilikuja Mombasa zikiwa kijivu.

Na tahadhari nyingine ya picha: filamu za zamani zilikuwa hazioni nyekundu. Maruni inatoka nyeusi tii. Nimeona watu wanaapa injini fulani ilikuwa nyeusi, ushahidi wao ni picha ya aina hiyo.

#11 Dohani_Ndefu
Kijivu cha kiwandani ni cha injini, @GarrattMbili. Nani alipigia picha rasmi behewa la daraja la tatu? Na filamu isiyoona nyekundu ni habari ya miaka ya mwanzo. Kufikia 1950 na kitu filamu za kawaida zilikuwa zinaona rangi zote.

#12 GarrattMbili
Nakubali nusu. Mpiga picha wa stesheni ndogo hakununua filamu mpya kila Jumatatu.

#13 KambiTayari
Picha ziko wapi mkuu?

#14 FundiMvule
Simu imeanguka majini, naweka kesho. Asanteni wote. Swali la pembeni: ile Garratt ya picha ya tajiri, Mount Gelai, si ndiyo ya 1939? Kama ni ya 1939 basi maruni yake ni ya 1939 na behewa langu linaweza kulingana nayo.

#15 GarrattMbili
Umechanganya mbili. Mount Gelai ni namba 5918, daraja la 59 (aina ya injini, si daraja la abiria). Zilijengwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, zikaja 1955 na 1956, zote zimepewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Bwela moja (tangi la kutengeneza mvuke) katikati, mbele na nyuma yake seti mbili za magurudumu, karibu tani 250 ikiwa imejaa maji na mafuta, na hakuna injini ya mvuke ya geji ya mita iliyozishinda nguvu. Ya 1939 ni Karamoja, namba 87, nayo iko pale pale makumbusho.

Na hapo kuna somo kwa tajiri. Karamoja ilizaliwa namba 87 ya Reli ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 reli hiyo ikaunganishwa na ya Tanganyika, ukaja mpango mpya wa namba, 87 ikawa 5711. Injini ile ile, namba mbili. Ukiipaka upya unaandika ipi? Ukiandika 87 umeifuta miaka yake ya Afrika Mashariki. Ukiandika 5711 umefuta ilivyozaliwa.

#16 Binti_wa_Same
Naomba kuweka jambo sawa kabla hamjaendelea na "Garratt zetu". Gelai uko Tanzania, kusini-mashariki ya Ziwa Natron. Na ile nyingine mliyonayo hapo Nairobi, 5930 Mount Shengena, Shengena ni kwetu Upare. Garratt mbili za milima zimehifadhiwa, zote milima yetu. Rudisheni mali.

#17 Dohani_Ndefu
Njooni mzichukue. Tani 21 kwa kila ekseli, mna reli ya kuzibeba?

#18 Binti_wa_Same
Tunayo mpya, milimita 1435. Geji haiingiani lakini nia tunayo 😄

#19 GarrattMbili
Utani una ukweli ndani. Mlima wa Upare umevuta mizigo Mombasa hadi Nairobi maisha yake yote, wakati reli nyepesi za upande wa Tanganyika zisingeistahimili. Jina halikufika kwao.

#20 Fundi_Bwela
Mnabishana rangi kama wanunuzi wa gari. Rangi ni kitu cha mwisho. Tazameni dohani ya Mount Gelai: imebanwa ubavuni, nyembamba na ndefu kama pakiti ya sigara iliyosimamishwa. Hiyo ni dohani ya Giesl, ya mhandisi wa Austria, inavuta moshi vizuri na kubana matumizi ya mafuta. Daraja la 59 lilitoka Manchester na dohani ya duara. Giesl zikafungwa baadaye.

Sasa anayetaka Mount Gelai "ya asili" arudishe duara? Mimi nasema hapana. Madereva wote walioiendesha miaka yake ya mwisho walikuwa nyuma ya dohani ile. Na fundi wa karakana ya Nairobi aliyeifunga naye ni historia. Kwa nini kazi ya Manchester iitwe asili na kazi ya Nairobi iitwe mabadiliko?

#21 MzeeGadi
Hapo umesema.

#22 RangiNiKemia
@Fundi_Bwela kwa kipimo hicho bluu ya behewa la @FundiMvule nayo ni historia, asikwangue kitu.

#23 Fundi_Bwela
Ikiwa ilipakwa na reli wakati linafanya kazi, ndiyo, ni historia. Ikiwa ilipakwa na muuza vyuma chakavu, futa.

#24 Mpare_Colorado
Niko Colorado. Huku kuna reli ya Durango kwenda Silverton, geji ya milimita 914, injini za mvuke, watalii wanafurika. Mabehewa yao ni ya njano ya kung'aa, na kila mtu anaamini hiyo ndiyo rangi ya zamani. Kumbe kabla ya 1950 hivi yalikuwa kijani kilichokolea. Njano ililetwa na mambo ya sinema na utalii. Wakati huo huo injini zikavishwa dohani bandia zenye kichwa kipana kama faneli, ili zionekane za karne ya 19, ilhali zimejengwa miaka ya 1920. Dohani bandia zimeondoka, njano imebaki. Na sasa ina zaidi ya miaka sabini. Ukiirudisha kijani, wazee wa pale watakuambia umeharibu treni ya utoto wao.

Tena baada ya moto mkubwa wa msitu wa 2018 baadhi ya injini zao zimebadilishwa kutoka makaa kwenda mafuta. Wapo wanaolia kwamba harufu si ile. Wenye nyumba mlimani hawalii.

#25 Mjukuu_wa_Muthurwa
Kwa hiyo uongo ukikaa miaka sabini unakuwa ukweli. Nimeelewa siasa za nchi yangu leo.

#26 Fundi_Bwela
Kwetu hilo la mafuta haliumizi kichwa. Daraja la 59 lilikuja likiwa la mafuta mazito tangu kiwandani. Ila reli yenyewe ilianza na kuni na makaa, mikaratusi mingi mnayoiona karibu na reli ilipandwa kwa ajili ya kuni za injini. Mtu akikuletea injini ya 1920 inayochoma mafuta muulize swali.

Tukiwa kwenye "asili": Garratt ya kwanza duniani, K1, ilijengwa Manchester 1909 kwa ajili ya Tasmania, geji ya milimita 610. Ilikarabatiwa ikatembea tena Wales. Bwela yake ni mpya. Bwela! Ndiyo injini yenyewe ile. Lakini hakuna anayesema si K1. Kwenye karakana zetu bwela zilikuwa zinahama, injini ikiingia matengenezo makubwa inafungwa bwela iliyo tayari, yake inasubiri mwenzake. Bogi za mabehewa (fremu za magurudumu) vivyo hivyo. @FundiMvule usije ukasoma namba kwenye bogi ukadhani umepata cheti cha kuzaliwa cha behewa.

#27 FundiMvule
Duh. Nilikuwa nimeshamwandikia tajiri namba ya bogi.

#28 KambiTayari
😂😂😂

#29 MamaStesheni
Wanangu, nimewasoma tangu juzi. Nimelelewa nyumba za reli, baba alikuwa steshenimasta. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ndani palikuwaje. Hilo behewa ni daraja la ngapi?

#30 FundiMvule
Shikamoo mama. Daraja la tatu. Tumekuta alama III ukingoni mwa mlango, na mashimo ya skrubu sakafuni yanaonyesha mabenchi mawili mawili yakitazamana. Tajiri anataka niweke viti vya mahameli nyekundu, taa za shaba, na kitambaa cheupe mezani.

#31 MamaStesheni
Marahaba. Basi hapo ndipo penye uongo, kwenye mahameli. Rangi ya nje hata mkikosea haidhuru mtu. Daraja la tatu lilikuwa benchi la mbao, kuku chini ya benchi, mtoto juu ya gunia, na mtu amesimama kutoka Nairobi mpaka Voi. Kwenye karatasi madaraja yalikuwa ya nauli. Kwa vitendo wakati wa ukoloni la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili Wahindi, la tatu sisi. Bibi yangu hakupata kuona mahameli ndani ya treni isipokuwa alipokuwa akisafisha. Mgeni akija akakalia kiti cha mahameli chini ya alama III, ameambiwa nini?

#32 Dohani_Ndefu
Mama amefunga mjadala.

#33 RangiNiKemia
Hajafunga, ameufungua. Mgeni analipa chakula, hatakaa saa mbili kwenye benchi la mbao. Tajiri naye ana mkopo. Labda benchi moja libaki la mbao na mengine yawe ya kukalika?

#34 MamaStesheni
Benchi moja la maonyesho, kama simba wa kujazwa majani. Haya.

#35 MzeeGadi
Mambo mengine ya ndani: kwenye behewa la chakula kulikuwa na mtu anapita kwenye kibaraza akipiga kimarimba kidogo kuita abiria wa daraja la kwanza na la pili mezani. Sauti hiyo daraja la tatu waliisikia kwa mbali tu. Tajiri akitaka kitu cha kweli atafute huyo mpiga marimba.

#36 Binti_wa_Same
Mmesema simba, nikakumbuka behewa namba 12 pale makumbusho, ambamo simba alimwua Ryall, mkuu wa polisi wa reli, stesheni ya Kima, Juni 1900. Usahihi wa kihistoria hapo unataka simba mzima.

#37 Mjukuu_wa_Muthurwa
Na stesheni ikaitwa Kima kwa sababu ya kilichobaki cha Ryall.

#38 Dohani_Ndefu
Acha hizo. Stesheni ilikuwa inaitwa hivyo siku ile anauawa. Huo utani umezeeka kuliko behewa.

#39 Mtoto_wa_Forodhani
Kama Bububu kwetu Unguja. Kila mtembeza wageni anasema jina limetokana na mlio wa treni, "bu-bu-bu", ya reli ile ya milimita 914 waliyoijenga Wamarekani 1905 kutoka mjini. Lakini Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, anaitaja Bububu kwenye kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani 1886. Treni ilikuta jina limekaa. Wengine wanasema ni mlio wa chemchemi ya maji.

#40 GarrattMbili
Labda kabla yake kulikuwa na treni nyingine? Sultani Barghash alikuwa na reli yake.

#41 Mtoto_wa_Forodhani
Ya Barghash ilikwenda Chukwani, upande wa pili kabisa. Ila hoja yako nitaipeleka barazani, watu wapate cha kubishania Ramadhani.

#42 Fundi_Bwela
Turudi kazini. @FundiMvule, paneli zilizooza unazishikaje?

#43 FundiMvule
Paneli za nje mbili zimekwisha kwa kutu. Za zamani zina ribiti. Hapa sina mtu wa ribiti za moto, mchomeleaji ninaye. Kuna kijana kanishauri nichomelee, halafu nibandike vichwa vya ribiti vya plastiki juu, nikipaka rangi hakuna atakayejua.

#44 Fundi_Bwela
Usibandike. Chomelea, sugua sawa, wacha ionekane ni paneli ya leo. Ndani yake gonga mwaka kwa herufi ndogo. Fundi atakayekuja baada yako akikuta vichwa vya plastiki atakulaani kwa jina.

#45 GarrattMbili
Sikubaliani. Macho ya mtu yanasoma mstari wa ribiti. Ukiuvunja kwa paneli mbili laini, behewa linaonekana limepigwa kofi. Boliti zenye kichwa cha duara zinatosha, ni chuma, zinashika kweli, na kwa hatua tatu huzitofautishi na ribiti.

#46 RangiNiKemia
Boliti za kichwa duara naunga mkono. Plastiki hapana.

#47 Fundi_Bwela
Boliti nitavumilia.

#48 KambiTayari
Wiki mbili, kurasa tatu, picha hakuna. Uzi huu unaendeshwa kwa kuni.

#49 FundiMvule
Picha hizo hapo, simu imepona. Mrejesho: duara nimeliacha juani siku tisa. Krimu ya juu imebaki krimu. Krimu ya chini, ile iliyochoka, imepauka ikawa karibu nyeupe. Nimemwonyesha mzee jirani, amefurahi sana, ameomba chai.

#50 MzeeGadi
Hiyo ya chini ni ya kabla yangu. Sina kesi nayo.

#51 Mjukuu_wa_Muthurwa
Babu alikuwa sahihi, mzee gadi sahihi, kijivu bado hakuna aliyenijibu.

#52 RangiNiKemia
Nimekujibu #6 na #8. Tena nyeupe ikipauka sana inaweza kuwa ni jua limeila tu. Siku tisa za Changamwe si mchezo.

#53 FundiMvule
Tajiri amekubali krimu na maruni. Mahameli bado anayataka, nimemsomea maneno ya mama, akanyamaza, akasema atafikiri. Sasa leo nimesugua mlango wa choo kwa ajili ya kuandaa. Bluu, krimu, halafu kijani. Kijani kabisa, kilichokolea. Behewa zima halina kijani popote.

#54 Dohani_Ndefu
Mlango umetoka behewa jingine. Karakana walichukua uliokuwa karibu.

#55 Mpare_Colorado
Kijani?! Msiuguse huo mlango.

#56 Mjukuu_wa_Muthurwa
Rangi ya vita. Nilisema.

#57 KambiTayari
Picha.